Pumba za Kware na Ulimi wa Mama Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama katikati ya sebule, mkono juu, nikiapa mbele ya familia nzima kwamba sitatia tena jani, mzizi wala punje ya kitunguu saumu kwenye chakula cha kware. Nilipomaliza kuapa nilishusha mkono, wenzangu wakaendelea na chai. Mimi nikaenda jikoni kulia kidogo, kisha nikarudi kukusanya vikombe.

Kwa mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mke wa dereva wa lori, nafuga kware kwenye banda lililo nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Majirani wananiita Mama Kware. Mwanzo nilinuna, sasa nikiitwa naitika.

Kware wangu walianza kufa mmoja mmoja, wakati ule ule nilipokuwa nawachanganyia saumu kutunza matumbo yao. Wifi yangu ni msusi, na sote tunamwita Kitana. Hakusubiri hata tumzike wa pili. Alisema saumu yangu ndiyo iliyowaua, na kwamba banda lile, likipakwa rangi, lingefaa sana kuwa saluni.

Mume wangu akakata maneno kabla ya kupanda lori lake. Akirudi akakuta kware wazima, banda ni langu na mjadala umefungwa. Akikuta mgonjwa hata mmoja, au akisikia nimerudia michanganyo yangu, kware watauzwa na Kitana ataingiza viti na vioo.

Mtaniuliza, kware ni kitu gani mpaka mtu alie? Katika nyumba ile kila kitu kina mwenyewe. Jiko la Mama, redio ya mume wangu, kioo kikubwa cha Kitana. Mimi nilikuja na sanduku la nguo. Kware ndio kitu cha kwanza nilichokianzisha mwenyewe, na bandani ndipo mahali pekee ninapoingia bila kubisha hodi.

Basi sikilizeni nilivyolikoroga.

Lori lilikuwa halijafika hata barabara kuu. Niliingia bandani, nikavuta trei ya chini ya kizimba nibadilishe gunia. Nilichokiona kilinikata maini. Badala ya vinyesi vidogo vikavu, trei nzima ilikuwa majimaji.

"Jamani," nikawaambia kware. "Mmeshindwa kungoja hata wiki moja?"

Wakaniangalia kwa vile vijicho vyao. Dume mmoja akawika, kana kwamba kuna jambo la kujivunia.

Nikafunga mlango na kuondoka mbio hadi duka la vyakula vya mifugo. Mwenye duka ni mama mmoja mcheshi anayekaa juu ya magunia yake kama yuko nyumbani.

"Dawa ninayo," akasema. "Lakini mayai yote utayatupa mpaka dawa iwatoke mwilini."

"Nikitupa mayai, Kitana atajua."

"Kitana ndiye nani?"

"Saluni."

Hakuelewa, ila alinihurumia. Akanivuta karibu kama mtu anayetaka kusengenya.

"Mwarobaini unaujua?"

"Nani asiyeujua? Nimenyweshwa utoto mzima."

"Kausha majani yake kivulini, twanga yawe unga laini, kisha changanya kidogo sana. Kiganja kimoja kwa debe zima. Ukizidisha watasusa chakula. Ndege ulimi wake si kama wetu, uchungu kidogo hamsumbui."

"Lakini niliapa."

"Uliapa nini?"

"Kwamba sitatia jani."

Akafikiri kidogo. "Unga si jani," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Msinicheke. Mtu anayezama hashiki kamba kwa kuchagua rangi. Nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa kwamba kiapo changu hakikutaja unga.

Shida ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa: ulimi wa mama mkwe.

Kabla hajastaafu, Mama alifanya kazi kwenye kinu cha kusaga chakula cha kuku. Huko alijifunza kitu ambacho hajakiacha hadi leo. Hakuna chakula kinachoingia kwa ndege kabla yeye hajakionja. Anachota ncha ya vidole, anaweka ulimini, anafumba macho, anatema pembeni, kisha anatoa hukumu. Chumvi imezidi. Samaki huyu amekaa sana. Pumba hizi zimelowa zikaanikwa.

Mwanzoni nilidhani ni vituko vya uzee. Lakini niliona majirani wakimletea unga aonje kabla hawajanunua gunia zima, na wauzaji wakisimama wima kama watoto mbele ya mwalimu. Mtaani yule mama aliheshimiwa kwa ulimi wake kuliko mwingine anavyoheshimiwa kwa gari.

Mimi hakunipenda sana, ila hakunionea. Aliniita "binti wa watu". Binti wa watu, leta maji. Binti wa watu, mvua hiyo. Nilikuwa nimeshakubali kwamba nitazeeka nikiitwa hivyo.

Majani niliyakausha kwa siri nyuma ya banda, nikayatwanga, kisha nikapanga mpango. Nitachanganya pumba, mahindi yaliyosagwa, mashudu, unga wa samaki, chokaa na chumvi kama kawaida. Mama ataonja, ataondoka, na mimi nitatia unga wangu wa mwarobaini nyuma yake. Ulikuwa mpango mzuri. Kasoro yake ni kwamba siku yenyewe Mama hakutokea.

Nilingoja. Kware walianza kurukaruka kwa njaa, wakigonga vichwa kwenye dari la kizimba, na kware akiumia kichwa huna kware tena. Nikaona Mama atakuwa amepitiwa na usingizi. Nikamwaga unga wa mwarobaini, nikakoroga kwa mikono miwili. Nilipoinua kichwa, Mama amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeshachanganya?"

"Bado. Yaani, nimechanganya, lakini hiki bado. Ngoja nikachote kingine ndani."

"Kingine cha nini? Sogea."

Akainama, akachota, akaweka ulimini, akafumba macho.

Mimi nikaanza kuona vioo vya Kitana vinapigiliwa ukutani. Nikatayarisha maneno ya kujitetea, na yote niliyoyapata yalianza na "Mama, nisamehe".

Akatema pembeni. Akafumbua macho.

"Kizuri," akasema. "Ila chumvi imezidi kidogo. Kesho punguza."

Akageuka, akaenda zake.

 Nikachota na mimi, nikaonja. Wacha! Uchungu ulinishika ulimi, ukashuka kooni, nikainamia ndoo ya maji ya kware nikayanywa bila aibu. Nilipopata nafuu nikaona kitu kingine. Pakiti ya chumvi ilikuwa juu ya rafu, haijafunguliwa. Kwa wasiwasi wangu nilikuwa nimesahau kutia chumvi kabisa.

Sasa ona akili yangu ilivyo. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba Mama ananipenda.

Ndiyo. Nilijiambia, ameujua uchungu ule, ameamua kunisitiri, na ile habari ya chumvi ni fumbo la kunionya nisizidishe. Nilifurahi hadi nikaimba. Siku hiyo nilimpigia pasi nguo zake zote, nikamsugulia viatu, nikamletea chai mara mbili.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Hapana, Mama. Nina furaha tu."

"Furaha ya nini, na mumeo yuko safarini?"

Nikacheka peke yangu. Akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Furaha yangu iliisha kwa sufuria ya maziwa. Nilikuwa uani nafua nikasikia harufu ya kuungua. Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa amekaa mle mle, hatua chache kutoka kwenye jiko, ananyambua mboga, amelipa jiko mgongo. Moshi umetanda, harufu unaweza kuishika kwa mkono, na yeye anaimba pole pole.

"Mama, maziwa!"

"Yamefanya nini?"

"Yanaungua!"

Akageuka, akaona moshi, akainuka haraka. "Najua," akasema. "Nilikuwa nayaangalia."

Alikuwa hayaangalii. Hapo mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwangu. Mchuzi wetu wa siku hizi, ambao mume wangu anaula huku ameshika glasi ya maji. Kitana kunigeukia mimi kila mara: "Wifi, hii chumvi umeipata kwa bei ya kutupa?" Na Mama, ambaye ndiye aliyeupika, kuinamia sahani yake bila neno.

Mama hasikii harufu. Mama hasikii ladha. Na hajamwambia mtu.

Mtu mwenye roho nzuri angeishia hapo akamwonea huruma. Mimi nilitaka uhakika. Kesho yake nikatenga bakuli la pumba, nikatia sukari, tena si haba. Mama akaja, akachota, akafumba macho.

"Leo chumvi iko sawa," akasema.

Siku iliyofuata nikatia majivu. Yakapita. Siku nyingine nikatia majani ya chai, nayo yakapita. Nawaambia ukweli kwa kuwa niliahidi kuwaambia ukweli: nilianza kuona raha. Nilikuwa namngoja aje, nimeuma midomo nisicheke. Nilimfanyia mzee wa watu majaribio, mimi niliyeapa kutowafanyia majaribio hata kware.

Na kware, mkitaka kujua, walipona. Trei zikawa kavu, mayai yakarudi kujaa kila alasiri, yenye madoadoa yake mazuri kama yaliyopakwa na mtu asiye na haraka. Niliushukuru mwarobaini kwa moyo wote.

Kisha pipa la pumba likaisha.

Hilo pipa nilikuwa nalijaza juu kwa juu, gunia jipya juu ya mabaki ya zamani. Mara hii nikaona niliinamishe nifagie hadi chini. Nikatia mkono. Nikagusa kitu kigumu, nikavuta, likatoka bonge la pumba limeota ukungu wa kijani. Nikavuta lingine. Harufu yake ilikuwa ya shimo la panya.

Nikakaa chini palepale sakafuni.

Kware wangu walikuwa wamekufa wakati tunachota chini ya pipa, kabla sijaongeza gunia. Walikuwa wamelishwa ukungu. Kitunguu saumu cha watu hakikuua mtu! Na chakula kile, kila siku ya Mungu, kilikuwa kimeonjwa na Mama, akafumba macho na kusema ni kizuri.

Nataka msinifikirie vibaya, ila nilicheka. Nilicheka hadi kware wakatulia kunisikiliza. Nilikuwa nimeapa mkono juu kwa kosa lisilo langu, na sasa nimeshika mkononi bonge la kumzibia Kitana mdomo maisha yake yote. Nikalitia kwenye kopo, nikafunika, nikalificha nyuma ya vizimba.

Baadaye, nikinawa mikono, ndipo swali likanijia. Na mimi je? Pua yangu ni nzima. Mbona mimi sikunusa ukungu ule wakati nachota?

Jibu nilikuwa nalijua kabla sijamaliza kujiuliza. Siku zile nilikuwa namenya na kuponda saumu asubuhi na jioni. Banda zima lilinuka saumu, mikono yangu ilinuka saumu, mume wangu alikuwa analala kanipa mgongo. Ndovu angeoza mle ndani nisingejua. Saumu yangu haikuwaua kware, lakini iliuficha uozo. Hilo nililisukuma pembeni, nikaendelea kunawa.

Jioni ile nilimkuta Mama anapika. Alitia chumvi, akakoroga, akaonja, akabaki ameshika kijiko. Kisha akanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi mara ya pili. Sijui nilitoa wapi ujasiri. Nikamshika mkono.

"Mama, imeshatosha."

Hakuutoa mkono wake. 

"Unaniangalia sana siku hizi," akasema.

Nikaanza kukoroga mchuzi kwa mkono mwingine.

"Kule kinuni tulikuwa na bwana mmoja muonjaji," akaendelea, macho kwenye sufuria. "Alianza kabla yangu. Alikuwa na ulimi, usiombe. Akapata homa moja kali, alipopona ulimi ukawa umekufa. Unajua walimfanya nini?"

"Walimstaafisha?"

"Walimpa ufagio."

Akachukua kopo la chumvi, akalifunika, akalirudisha mahali pake.

"Ulikuwa unasemaje?" akaniuliza.

"Sijasema kitu, Mama."

"Vizuri."

Mchuzi wa siku ile ulikuwa mtamu. Kitana aliramba vidole, akanipongeza mimi. Mama akainamia sahani yake kama kawaida.

Mume wangu akarudi. Hata buti hajavua, alikwenda bandani, akachungulia vizimba, akatoka anatabasamu. Wote wazima. Nikapumua. Nilikuwa nimeshinda, na kopo langu sikulihitaji tena. Ningeweza kulitupa shimoni na hadithi hii ingeishia hapo.

Lakini nina wifi.

"Kaka, kaa kwanza," Kitana akasema, akiingia sebuleni na mabakuli mawili. "Nilikwenda bandani kupima ukuta."

"Ukuta wa nini?" nikamuuliza.

"Kupima si kujenga, wifi. Nikaona kitu. Hili bakuli ni pumba kutoka kwenye pipa. Na hili ni kutoka kwenye vyombo vya kware. Kaka, angalia rangi. Hili lina rangi ya kijani kijani."

Mume wangu akayaangalia mabakuli, akaniangalia mimi. "Mke wangu, umetia kitu?"

Nilipomwona Kitana akitoka bandani na mabakuli yale, nilikuwa nimekimbia kulichukua kopo langu na kulitia ndani ya mfuko wa nguo. Nikalishusha chini ya kiti, nikalisogeza kwa mguu. Nilishajiamulia. Akinibana, nafungua kopo, natoa bonge, nasema yote. Pumba, ukungu, ulimi, maziwa, kila kitu. Simwachi mtu.

"Hatuna haja ya kubishana," Kitana akasema. "Mama yupo. Mama aonje. Ulimi wake haujawahi kudanganya mtu."

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Hakukataa. Angekataaje? Alivuta kiti mbele ya meza, akakunja mkono wa gauni lake taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani mbele ya wauzaji. 

Akachota bakuli la kwanza. Akafumba macho. Akatema kwenye kitambaa.

"Pumba safi," akasema.

"Sasa hili, Mama."

Akachota bakuli la pili, lile lenye mwarobaini. Akaweka ulimini. Lakini safari hii hakufumba macho. Aliyainua, akaniangalia mimi.

Nimeangaliwa na mama mkwe mara nyingi, kwa hasira, kwa dharau, kwa kuchoka. Hajawahi kuniangalia akiniomba kitu. Nikamwona yule bwana wa kinuni na ufagio wake. Nikajiona mimi, nimeshika bakuli la sukari, nimeuma midomo nisicheke. Roho iliniuma vibaya mno.

Basi nikakunja uso. Nilibana jicho moja na kupinda midomo, kama mtoto aliyenyweshwa dawa. Nilimpa jibu: chungu, Mama, sema ni chungu. Sema, ulimi wako ubaki na heshima yake, na mimi nitaapa tena mkono juu, na Kitana alete viti vyake.

Aliniona. Nina hakika aliniona, kwa kuwa alitikisa kichwa, kidogo sana, kunikatalia.

Kisha hakutema. Alimeza.

"Hakuna kitu humu," akasema kwa sauti ya kutosha nyumba nzima. "Pumba tupu, na chumvi yake ipo sawa. Mwacheni binti wa watu na kware wake."

Mume wangu akapiga makofi. "Imekwisha hiyo! Dada, ukuta umeshaupima, asante, sasa tupe chai."

"Haiwezekani," Kitana akasema. "Mama, hebu!"

Akatumbukiza mkono kwenye bakuli.

"Wifi, usithubutu!" nikapiga kelele.

Amejaza mdomo tayari. Alitafuna mara moja. Macho yakamtoka, akashika meza, akaenda mlangoni kama aliyechomwa, tukamsikia nje akitema na kumwita Mungu na kudai maji. Mume wangu alicheka hadi akajipiga mapaja. Na mimi, pamoja na hofu yangu yote, kicheko kilinitoka puani.

Halafu mume wangu, bado anacheka, akachovya kidole kwenye bakuli na kukilamba.

Kicheko kikakatika. Akatema kwenye kiganja. Akaliangalia bakuli, akamwangalia Mama, ambaye alikuwa amekaa wima, uso mtulivu, mabaki ya pumba zile chungu yamemshika pembeni mwa mdomo na hana habari.

"Mama," akasema taratibu. "Tangu lini?"

Mama akaanza kukunjua mkono wa gauni lake.

Kitana alirudi akijifuta ulimi kwa kitambaa cha kichwani. Alikuwa amelisikia lile swali. Mtamsema mtakavyo wifi yangu, lakini si mjinga.

"Kwa hiyo zile pumba za mwanzo," akasema, "wakati kware wanakufa. Zile ulizokuwa unazionja kila siku..."

Hakumalizia. Ilikuwa mara ya kwanza namwona Kitana ana sentensi mdomoni na hataki kuimaliza.

Mume wangu akanigeukia.

"Na wewe ulijua?"

Kopo lilikuwa limegusa kisigino changu. Nikisema sikujua, ni uongo, na Mama anajua ni uongo. Nikisema nilijua, wataniuliza nimejuaje, na nitawaambia nini? Kwamba kwa siku kadhaa nimemlisha mama yao sukari na majivu na kumkodolea macho?

Nikamtazama Mama anisaidie. Akanyoosha mkono, akanishika wangu, palepale nilipomshika yeye siku ile jikoni.

"Mjibu mumeo, mwanangu," akasema. "Hata mimi nataka kusikia."